Mshale wa mi'raadh na mshale wa Khawarij: Fizikia ndani ya hadithi mbili

Sifa njema zote anastahiki Allah (s.w), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), jamaa zake, maswahaba zake na wote wenye kufuata uongofu wake mpaka Siku ya Malipo.

Ndugu msomaji, katika vitabu vya hadithi mshale umetajwa mara nyingi. Umetajwa katika vita, katika mashindano, katika uwindaji na katika mifano ya kuonya. Waarabu wa zama za Mtume (s.a.w) hawakuhitaji kuelezwa mshale ni kitu gani, kwani waliutengeneza wenyewe, wakauvurumisha na kuufuata porini. Sisi tunaoishi mijini leo, wengi wetu mshale tunaujua kama alama ya kuonesha njia. Matokeo yake tunazisoma hadithi hizo, tunazihifadhi, lakini picha iliyomo ndani yake inatupita.

Mimi ninafundisha somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu kwa wanafunzi wa sekondari. Kila unapofika wakati wa kuchagua masomo, naona kundi kubwa la vijana wetu wakilikimbia somo la fizikia. Wapo wanaolikimbia kwa sababu ya hesabu, na hao wana matatizo ya kusaidiwa. Lakini wapo pia wanaonijia na kusema, "Ustaadh, mimi nataka kuisoma dini, fizikia itanisaidia nini?" Kana kwamba Aliyeteremsha Qur'an siye Aliyeumba kasi, uzito na upepo!

Katika makala haya nitazichukua hadithi mbili sahihi, zote mbili zimo katika Bukhari na Muslim, na zote mbili zinazungumzia mshale. Ya kwanza inahusu chakula chetu, ya pili inahusu itikadi yetu. Tutaona namna elimu ya fizikia inavyotufungulia maana ya hadithi hizo, na namna wanazuoni wetu walivyoifahamu elimu hiyo kabla ya Ulaya.

Nguvu ya mshale inatoka wapi?

Tuanze na msingi. Mshale una sehemu nne: chembe, yaani ncha ya chuma iliyo mbele, wano, yaani ule mti wenyewe, manyoya yaliyo nyuma, na mkato mdogo mwishoni kabisa ambao hukaa kwenye ugwe wa upinde. Mshale hauna injini wala baruti. Nguvu zote ulizonazo umepewa na mkono wa mtu kupitia upinde.

Mpiga mshale anapovuta ugwe, anaukunja upinde. Kazi anayoifanya haipotei, inahifadhiwa ndani ya mikono miwili ya upinde iliyokunjwa. Tuchukue mfano. Upinde ambao ukivutwa hadi mwisho unahitaji nguvu ya kunyanyua kilo 20, kwa kipimo cha fizikia ni kama nyutoni 200. Ugwe umevutwa nusu mita. Kwa kuwa nguvu huanzia sifuri na kupanda hadi 200, wastani wake ni 100. Zidisha 100 kwa nusu mita, unapata jouli 50. Hiyo ndiyo akiba yote.

Ugwe ukiachiwa, akiba ile humiminika kwenye mshale, lakini si yote. Sehemu hubakia kwenye mikono ya upinde na kwenye ugwe, ambavyo navyo vimelazimika kukimbia. Tuseme mshale umepata jouli 36. Kama una uzito wa gramu 20, utaondoka kwa kasi ya mita 60 kwa sekunde. Kama una gramu 45, kwa jouli zilezile utaondoka kwa kasi ya mita 40 kwa sekunde. Msomaji aliyesoma fizikia anaweza kuhakiki mwenyewe: nusu ya masi mara kasi mara kasi. Naomba tuikumbuke mishale hii miwili, mwepesi na mzito, kwani tutaihitaji mbele.

Jambo la kuzingatia hapa ni kuwa mara tu mshale unapoachana na ugwe, hakuna kinachousukuma tena. Hili leo linaonekana jepesi, lakini liliwasumbua wanafalsafa kwa karne nyingi. Aristotle wa Ugiriki alidai kuwa kitu hakiendi bila msukumaji anayekigusa, kwa hiyo akasema kuwa hewa ndiyo inayousukuma mshale kutoka nyuma. Katika karne ya 6 Philoponus wa Alexandria aliipinga kauli hiyo. Kisha akaja Ibn Sina (980-1037), akaeleza kuwa mrushaji hukipa kitu mwelekeo unaoingia ndani yake, aliouita mayl, na kwamba mwelekeo huo hauishi wenyewe. Huondolewa na vizuizi vya nje kama vile hewa. Kama kusingekuwa na kizuizi, alisema, ungebaki. Newton alichapisha kanuni zake za mwendo mwaka 1687, zaidi ya miaka 600 baadaye.

Kwa hiyo kila atakachokuwa nacho mshale, umepewa kabla haujaondoka. Hapa ndipo mtu anaelewa kwa nini imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kuwa kwa mshale mmoja wanalipwa watu watatu: aliyeutengeneza akikusudia kheri, aliyeurusha na aliyemkabidhi mrushaji. Fundi ametajwa pamoja na askari, kwani sehemu kubwa ya kazi imeshamalizika karakana.

Safari ya hewani

Mshale ukishaondoka, unakabiliana na mambo mawili: mvutano wa ardhi na ukinzani wa hewa.

Mvutano wa ardhi haumsubiri mtu. Tuseme shabaha iko mita 40. Mshale wetu mzito utatumia sekunde moja kufika, na katika sekunde hiyo utakuwa umeshuka karibu mita 5. Ule mwepesi utatumia theluthi mbili za sekunde na kushuka kidogo zaidi ya mita 2. Maana yake ni kuwa anayelenga moja kwa moja kifuani mwa swala atapiga udongo. Hana budi kuinua mkono juu ya shabaha kwa kiasi anachokijua, na kiasi hicho hubadilika kwa kila umbali na kila aina ya mshale. Hiyo ni hesabu, hata kama anaifanya kwa mazoea bila kalamu.

Hewa nayo hupunguza kasi. Ukirusha jiwe na ukarusha kipande cha pamba chenye ukubwa uleule, utaona pamba inakata tamaa mapema. Vivyo hivyo mshale mwepesi huanza kwa kasi kubwa lakini huipoteza haraka zaidi. Mzito huanza polepole na kuihifadhi. Ndiyo maana waliotaka umbali walitumia mishale myepesi, myembamba, yenye manyoya madogo sana, na waliotaka kupiga kwa nguvu walitumia mizito.

Waturuki wa dola ya Uthmaniyya waliifikisha elimu hii ya umbali mahali pa juu. Katika uwanja wa Okmeydanı mjini Istanbul waliweka nguzo za mawe kuonesha mahali mishale ya mabingwa ilipoangukia. Katika miaka ya 1790 katibu mmoja wa ubalozi wa Uthmaniyya mjini London, Mahmud Efendi, aliwaonesha Waingereza upinde wa nchini kwake na kuufikisha mshale karibu mita 440, jambo lililowashangaza sana. Hata kama kusingekuwa na hewa wala upepo, umbali huo unahitaji mshale uondoke kwa mita 66 hivi kwa sekunde. Siri ilikuwa katika upinde wenyewe: mti katikati, pembe upande wa ndani unaobanwa, na kano za mnyama upande wa nje unaonyooshwa, vyote vikiunganishwa kwa gundi. Kila kitu kiliwekwa mahali ambapo tabia yake inafaa.

Lipo jambo jingine la ajabu. Mshale haukai katikati ya upinde, unakaa ubavuni. Ugwe unausukuma kuelekea katikati. Kwa hesabu za haraka unatakiwa uende kombo. Mbona unaenda sawa? Jibu lilionekana wazi katika miaka ya 1930, pale Mmarekani Clarence Hickman alipouchukua kwa kamera za kasi kubwa. Mshale ukisukumwa ghafla hujipinda, kisha huogelea kama samaki, ukauzunguka upinde bila kuugonga, halafu hunyooka polepole angani. Wano likiwa gumu kupita kiasi, au laini kupita kiasi kwa upinde ule, mshale utakwenda kombo hata kama mkono haukutetemeka. Mafundi wa zamani hawakuwa na kamera, lakini walijua kuwa kila upinde una mishale yake.

Sasa tuje kwenye manyoya, kwani hapo ndipo hadithi yetu ya kwanza inapoingia. Chukua gunzi la muhindi, uchomeke manyoya mawili ya kuku upande mmoja, kisha ulirushe juu. Hata ukilirusha limelala, litajigeuza na kurudi chini likitanguliza upande usio na manyoya. Sababu ni kwamba uzito uko mbele na sehemu inayokamatwa na hewa iko nyuma. Kila mkia unapotaka kwenda upande, hewa huusukuma urudi nyuma ya kichwa. Mshale wenye manyoya ni hivyohivyo. Ukiyaondoa, hakuna kinachourudisha katika mstari. Ukiyumba kidogo unazidi kuyumba, hatimaye unafika umelala ubavu.

Hadithi ya kwanza: Mi'raadh

Adiy bin Hatim (r.a), sahaba kutoka kabila la Tayy, alikuwa mtu wa kuwinda. Alimuuliza Mtume (s.a.w) maswali mengi kuhusu uwindaji, na mojawapo lilikuwa juu ya mi'raadh. Wanazuoni wa lugha wameeleza kuwa mi'raadh ni mshale usio na manyoya wala chembe, na wengine wakaongeza kuwa ni mnene katikati na mwembamba kwenye ncha zake. Jina lenyewe linatokana na neno lenye maana ya upana au ubavu, kwa sababu mara nyingi hupiga kwa ubavu.

Bila shaka msomaji ameshaona kwa nini. Hauna manyoya ya kuushika nyuma wala chuma cha kuuvuta mbele, na uzito wake uko katikati. Fizikia inatuambia kuwa mshale wa namna hiyo utageuka-geuka hewani, na aliyeurusha hana dhamana utafika kwa upande upi.

Majibu ya Mtume (s.a.w) yalikuwa ya wazi: ukimpiga mnyama kwa ncha yake ukapenya, kuleni, ukimpiga kwa ubavu wake akafa, msile, kwa sababu huyo amekufa kwa kipigo. Aliyekufa kwa kipigo ndiye mawquudha aliyetajwa na Qur'an katika Suratul Maida, aya ya 3, miongoni mwa vilivyoharamishwa.

Tazama, ndugu msomaji. Mrushaji ni yuleyule, mshale ni uleule, nia ni ileile, jina la Allah limetajwa vilevile, lakini hukumu imegawanyika kwa sababu ya namna mshale ulivyogusa ngozi. Tofauti ni nini?

Tofauti ni eneo. Nguvu inayogusa ikigawanywa kwa eneo inaloligusa ndipo tunapata shinikizo. Tuseme ncha ina eneo la milimita moja ya mraba. Ubavu wa mshale ukigusa ngozi kwa urefu wa sentimita 30 na upana wa milimita 2, hilo ni eneo la milimita za mraba 600. Nguvu ileile iliyokuwa inakusanyika mahali pamoja sasa imegawanywa mara 600. Ngozi haichaniki. Nishati ya mshale haipotei, ila inaishia kuponda nyama, kuvunja mbavu na kuvilisha damu ndani kwa ndani. Mnyama anakufa, lakini damu haikupata njia ya kutoka. Ncha hufungua njia. Ubavu hutwanga tu. Hukumu ya sheria imefuata mpaka uleule unaofuatwa na maumbile.

Wala hili si jambo la zamani. Watoto wetu wanawinda ndege kwa manati. Jiwe la manati halina ncha, linaua kwa kipigo. Ndege akiokotwa amekufa kwa jiwe, huyo ni mawquudha, haliwi. Akiwahiwa mzima akachinjwa, hapo ni halali. Mzazi anayelijua hili atamueleza mwanawe, na atamueleza sababu yake. Bunduki zilipokuja wanazuoni walijadili sana, na Imam Shawkani wa Yemen (aliyefariki mwaka 1834) alihukumu kuwa windo la risasi ya baruti ni halali ikiwa jina la Allah limetajwa, na hoja yake ilikuwa ni kuwa risasi inapenya. Aliichukua hadithi ya mi'raadh akaipima silaha mpya kwa mizani ya kupenya. Je, mtu asiyejua kupenya ni nini angeweza kutoa fatwa hiyo?

Kupenya

Hebu tuingie ndani zaidi. Mshale umefika, ncha imetangulia. Utazama kiasi gani?

Kwanza ni pembe. Ibn al-Haytham, mwanachuoni wa Basra aliyefanya kazi zake Misri, aliandika mwanzoni mwa karne ya 11 kitabu chake kikubwa cha elimu ya nuru, Kitab al-Manadhir. Alipotaka kueleza kwa nini mwale unaoingia wima ni wenye nguvu zaidi, alitoa mfano wa vitu vinavyorushwa: tufe la chuma likirushwa wima kwenye kibao chembamba kilichofunika tundu litakivunja, na likirushwa kwa mshazari kutoka umbali uleule kwa nguvu ileile halitakivunja. Leo tunaliandika kwa hesabu. Mshale ukipiga kwa mshazari wa nyuzi 45, nusu tu ya nishati yake ndiyo inayoelekea ndani. Ukipiga kwa nyuzi 60 kutoka wima, ni robo tu. Inayobaki inateleza juu juu. Ndiyo maana ngao na deraya zenye mviringo zilikuwa bora kuliko bapa.

Pili ni uzito na kasi, na hapa tunairudia mishale yetu miwili. Yote ina jouli 36. Kama kitu kinachopigwa kinazuia kwa nguvu moja isiyobadilika, mishale yote miwili itazama kina kimoja, maana nishati yao ni sawa. Lakini nyama ya mnyama imejaa maji. Pitisha mkono wako polepole ndani ya maji ya bahari, kisha uupitishe kwa haraka. Utaona kuwa maji yanakuwa magumu kadiri unavyoharakisha. Kasi ikiongezeka mara mbili, ukinzani wa namna hii huongezeka mara nne. Kwa hiyo mshale mwepesi wenye mbio unaadhibiwa zaidi na mwili kuliko ule mzito. Ukizidisha masi kwa kasi, ambayo kwa fizikia huitwa momenta, mwepesi una 1.2 na mzito una 1.8. Mzito ni mgumu kusimamishwa. Wawindaji wanalijua hili bila kuandika namba hata moja.

Tatu ni umbo la chembe na ulaini wa wano. Chembe yenye makali hukata, na kilichokatwa hakisukumi sana. Wano likiwa jembamba kuliko tundu lililofunguliwa na chembe, msuguano unapungua. Likiwa nene, linabanwa na kusimama.

Si kila mwindaji anataka mshale upite. Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi hapa Tanzania, na Wakamba wa Kenya katika uwindaji wao wa asili, hupaka sumu nyuma ya chembe. Kwao mshale uliopita moja kwa moja umeondoka na sumu yake. Wanataka uingie, ukae, na kile ulichokibeba kiyeyuke katika damu. Kisha wanafuata nyayo kwa subira mpaka mnyama aanguke. Kuna mshale wa kupita na mshale wa kukaa, na ni vema tofauti hiyo ikaeleweka kabla hatujaiendea hadithi ya pili.

Hadithi ya pili: Mshale usio na doa

Imepokewa kutoka kwa Abu Said al-Khudri (r.a) kuwa Mtume (s.a.w) alikuwa akigawa mali, akaja mtu wa kabila la Bani Tamim aitwaye Dhul-Khuwaisira, akamwambia Mtume afanye uadilifu. Mtume (s.a.w) akamkataza aliyetaka kumuua mtu yule. Kisha akatoa habari za watu watakaotokea, ambao mtu ataidharau sala yake akiilinganisha na yao, na funga yake akiilinganisha na yao. Wanasoma Qur'an lakini haivuki koo zao. Wanatoka katika dini kama mshale unavyotoka kwa mnyama aliyepigwa.

Hadithi haikuishia hapo. Inaeleza kuwa mpigaji anaiangalia chembe, haoni kitu. Anaziangalia kano zilizofungwa pale chembe inapoingia kwenye wano, haoni kitu. Anaangalia wano, haoni kitu. Anaangalia manyoya, haoni kitu. Mshale umeutangulia uchafu wa tumboni na damu.

Wakati fulani mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza: "Ustaadh, inawezekanaje mshale upite ndani ya mnyama na utoke mkavu?" Ni swali zuri, na halijibiwi kwa kumwambia anyamaze.

Kwanza, tazama uangalifu wa maelezo. Mwindaji wa mishale mpaka leo, akiuokota mshale uliopita, huukagua. Damu nyekundu yenye povu humjulisha kuwa amepiga mapafu. Uchafu wa tumboni humjulisha kuwa amepiga utumbo na ana safari ndefu mbele yake. Vitu viwili vilivyotajwa katika hadithi, uchafu na damu, ndivyo hasa anavyovitafuta mwindaji. Na mpangilio wa ukaguzi unaanzia chembe, kano, wano hadi manyoya, mpangilio uleule ambao mshale ulipita nao.

Pili, tupige hesabu. Mshale wetu mzito umeingia kwa kasi ya mita 40 kwa sekunde ukiwa na jouli 36. Tuseme mwili wa mnyama wenye unene wa sentimita 30 umechukua jouli 27. Chembe inatokea upande wa pili ikiwa bado na jouli 9 na kasi ya mita 20 kwa sekunde. Chembe hiyo imekaa ndani ya mwili kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Mpaka unyoya wa mwisho utoke ni kama sehemu moja ya ishirini ya sekunde, yaani chini ya kupepesa jicho. Damu nayo inahitaji muda ili itiririke na kushika. Katika hali ya kawaida mshale hutoka na alama, na ndiyo maana mwindaji anatarajia kuiona. Hadithi inapiga mfano wa mshale uliozidi kasi kiasi kwamba hata alama hiyo inayotarajiwa haikupatikana. Mshangao wa mwindaji ndio kiini cha mfano.

Kisha tujiulize: mshale unaopita moja kwa moja una kasoro gani? Hauna upungufu wa nguvu. Umepita kwa sababu nguvu zake zimezidi uwezo wa mwili kuuzuia. Uliingia kwa haraka, haukukutana na kitu cha kuupunguza mwendo, ukatokea upande wa pili haukubeba chochote kutoka mle ulimopita.

Hao ndio Khawarij. Mtume (s.a.w) hakuwasifu kwa uvivu. Sala wanayo, funga wanayo, kisomo wanacho. Kasi yao ya kuingia katika ibada iliwashinda hata maswahaba. Lakini huruma ya dini, adabu yake, fiqhi yake na uchungu wa kumwaga damu ya Muislamu, hakuna kilichowashika. Historia inasema walimuua Abdullah, mtoto wa sahaba Khabbab bin al-Arat (r.a), na mwaka 38 Hijria (658) wakapigana na Ali (r.a) huko Nahrawan. Kabla ya vita hivyo Ibn Abbas (r.a) aliwaendea, akakaa nao, akawajibu hoja moja baada ya nyingine. Maelfu walirejea. Kwa nini? Kwa sababu walipata kitu cha kuwapunguza mwendo: swali, jibu, na mwanachuoni aliyekaa mbele yao.

Tunapata mafunzo gani?

Vijana wetu leo wana shauku ya dini, na hilo ni jambo la kumshukuru Allah. Wapo ambao ndani ya miezi michache, kwa kusikiliza vipande vya mawaidha kwenye simu, wameshajua nani ni kafiri na nani ni mzushi, na baadhi wameanza na wazazi wao. Huwezi kusema kuwa vijana hawa hawana nguvu. Wanachokosa ni msuguano: mwalimu wa kuwasahihisha, kitabu cha kusomwa ukurasa kwa ukurasa, miaka ya kukaa kwenye darsa, na unyenyekevu wa kusema sijui. Tuwaandalie hayo misikitini na mashuleni badala ya kuwalaumu tu. Elimu inatakiwa iwe kama mshale wa yule mwindaji wa Eyasi, iingie ikae, mpaka ichanganyike na damu ya mtu.

Na kwa mwanafunzi anayeuliza fizikia itamsaidia nini katika dini, jibu ameshaliona. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Uqba bin Amir (r.a) kuwa Mtume (s.a.w), akiwa juu ya mimbari, aliifasiri nguvu tuliyoamrishwa kuiandaa katika Suratul Anfal, aya ya 60, kuwa ni kurusha, akalikariri neno hilo mara tatu. Kurusha kuna kanuni zake, na Aliyeziweka kanuni hizo ni Allah. Mwanafunzi anayekaa usiku akihesabu kasi ya mshale, kwa nia njema, yumo katika kuzisoma alama za Mola wake. Asiliache daftari la fizikia nje ya mlango wa madrasa. Aingie nalo.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.